Igor Stravinsky na Sahani Zake za Santuri

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha muziki katika shule ya msingi hukabiliwa na jambo moja ambalo vitabu vya mbinu hulipitia kwa haraka, nalo ni kufundisha kusikiliza. Kuimba hufundishwa, na noti huandikwa ubaoni. Lakini sikio huachwa lijitafutie njia lenyewe. Tumeona yafaa, kwa hiyo, kueleza hapa maisha ya mtunzi mmoja ambaye kazi zake za kwaya na za baleti zimerekodiwa mara nyingi, naye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliozirekodi. Mtunzi huyo ni Igor Stravinsky. Baleti, kwa wasioijua, ni mchezo wa jukwaani ambao hadithi yake huelezwa kwa dansi na muziki pasipo mazungumzo.

Tulipata kulifundisha somo hili vibaya, na ni vema tukiri mapema. Tulikileta darasani kipande kimoja katika rekodi mbili, tukawaambia wanachuo tangu mwanzo ni ipi iliyoongozwa na mtunzi mwenyewe. Mikono yote ikainuliwa kuichagua hiyo. Tulipouliza sababu, hakuna aliyetaja jambo lolote alilolisikia. Walitaja jina tu. Darasa lilikuwa limepima cheo, halikupima muziki, na kosa lilikuwa letu. Maisha ya Stravinsky yanaonyesha kwa nini kosa hilo si dogo.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1882 huko Oranienbaum, mji mdogo wa pwani karibu na St Petersburg nchini Urusi. Baba yake, Fyodor, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa sauti ya nne katika jumba la opera la Mariinsky, na hivyo mtoto alikua akisikia waimbaji wakifanya mazoezi nyumbani. Juu ya hayo, wazazi walimtaka asome sheria. Akaingia Chuo Kikuu cha St Petersburg, ambako miongoni mwa wenzake alikuwamo mwana wa mtunzi mkuu Nikolai Rimsky-Korsakov. Mwaka 1902, mwaka uleule aliofiwa na baba yake, alimwonyesha mzee huyo kazi zake za kwanza. Mzee hakumsifu kupita kiasi. Alimshauri asiingie katika chuo cha muziki, bali asome kwa faragha. Baadaye akawa mwalimu wake hadi alipofariki mwaka 1908. Walimu wenzetu na waliangalie jambo hilo: mwanafunzi aliyechelewa hakukataliwa, wala hakutiwa katika darasa ambalo lingemvunja moyo.

Aliyemtoa Stravinsky katika mji wake na kumfikisha mbele ya dunia alikuwa Sergei Diaghilev, Mrusi aliyeendesha kundi la baleti mjini Paris. Kwa ajili ya kundi hilo Stravinsky alitunga baleti ya Ndege wa Moto mwaka 1910, kisha Petrushka mwaka 1911, na zote mbili zilipokelewa kwa shangwe. Ya tatu ilikuwa na habari nyingine. Kwa Kifaransa huitwa Le Sacre du printemps, nasi tutaiita Kafara ya Majira ya Kuchipua. Inaonyesha kabila la Warusi wa kale, kabla ya Ukristo, likimchagua msichana ambaye atacheza mpaka afe ili ardhi ipate kuamka baada ya baridi kali. Ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Mei 1913 katika ukumbi wa Champs-Élysées, Paris. Dansi ilibuniwa na Vaslav Nijinsky, na okestra iliongozwa na Pierre Monteux. Watazamaji walizomea na kupigiana kelele hata wachezaji wasiisikie okestra, ikambidi Nijinsky asimame kandokando ya jukwaa akiwahesabia mapigo kwa sauti kuu. Monteux aliendelea kuongoza mpaka mwisho bila kuonyesha wasiwasi.

Ghasia hizo zimesimuliwa mno, nasi hatutaki kukaa hapo. Lenye faida zaidi kwa mwalimu ni lile lililomo katika muziki wenyewe. Unaanza kwa basuni, chombo cha jamii ya zumari chenye sauti nzito, lakini hapa kinapigwa juu kabisa katika upeo wake hata msikilizaji hukisahau ni chombo gani. Baadaye okestra nzima hupiga kishindo kimoja tena na tena, huku mkazo ukiangukia mahali pasipotazamiwa. Katika dansi ya mwisho idadi ya mapigo hubadilika karibu katika kila kipimo: mawili, matatu, matano, tena matatu. Wapigaji wa wakati ule hawakuwa wamezoea kuhesabu hivyo.

Vita vya 1914 vilimkuta akiishi Uswisi pamoja na mke wake Katya na watoto wao wanne, na mapinduzi ya Urusi ya 1917 yakakata kabisa tegemeo la mali ya nyumbani. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuishi kwa kalamu yake. Tena kazi zake za kwanza hazikulindwa na sheria ya hakimiliki nchini Marekani, hivyo zilipigwa huko bila yeye kulipwa chochote. Yafaa tulikumbuke jambo hilo tunapomwona, katika miaka ya 1920, akianza kupiga piano hadharani na kuongoza okestra kwa mikono yake. Ufundi wa kuongoza hakuusomea. Kafara aliiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1926, miaka 13 baada ya Monteux.

Sababu nyingine haikuwa ya fedha. Stravinsky alichukizwa na viongozi wa okestra walioongeza mbwembwe zao katika kazi za watu. Kwa maoni yake, mpigaji alipaswa kutekeleza yaliyoandikwa, asitafsiri; na tofauti hiyo kati ya kutekeleza na kutafsiri aliieleza kwa urefu katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Harvard ya 1939 na 1940. Kwanza alitumaini vinanda vya kujipiga, vile ambavyo karatasi iliyotobolewa matundu huzungushwa ndani yake, akatengeneza kazi zake nyingi kwa vinanda hivyo katika kampuni ya Pleyel mjini Paris. Kisha santuri ikapata maikrofoni mwaka 1925, sauti ikawa safi zaidi, na mwaka 1928 akafunga mkataba na kampuni ya Columbia. Aliona kwamba sasa amepata njia ya kuacha hati ya kudumu, ambayo kiongozi yeyote wa baadaye angeweza kuisikiliza na kujua mtunzi alitaka nini.

Ili wanafunzi wetu, waliozoea muziki wa kwenye simu, waelewe kazi hiyo ilikuwaje, hapana budi tueleze sahani zenyewe. Upande mmoja wa sahani kubwa ulichukua dakika nne na ushei tu, na wa sahani ndogo kama dakika tatu. Kafara huchukua zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo ilikatwa vipande vipande, na msikilizaji aliinuka kila mara kugeuza sahani. Mwaka 1925 Stravinsky alitunga kazi ya piano, Serenade, yenye sehemu nne, kila sehemu ikiwa na urefu wa kutosha upande mmoja wa sahani ndogo. Alifanya kama mwalimu anayepanga somo lake litoshe kipindi cha dakika 40.

Mwaka 1929 likatokea jambo ambalo kwa mwalimu wa kusikiliza ni hazina. Katika mji uleule wa Paris, mwaka uleule mmoja, Kafara ilirekodiwa mara mbili: na Monteux, aliyeiongoza siku ya ghasia, na Stravinsky, aliyeitunga. Kama kungekuwa na njia moja tu iliyo sahihi ya kuipiga kazi hiyo, watu hao wawili wangeijua. Lakini rekodi zao hazifanani. Mwendo wao hutofautiana, na mahali wanapoweka uzito hutofautiana. Katika rekodi ya mtunzi, hasa kwenye dansi ya mwisho, wapigaji husikika wakitapatapa na kukosana, maana muziki ulikuwa bado mgeni mikononi mwao. Siku hizi okestra za vijana huupiga bila kutetereka.

Stravinsky aliirekodi Kafara tena mwaka 1940 pamoja na New York Philharmonic, na tena mwaka 1960 na Columbia Symphony, wakati huo sahani za kuzunguka polepole zikiwa zimekwisha kuondoa adha ya kugeuza kila dakika nne. Mtu angetazamia kwamba hati hizo tatu za mtu mmoja zingekubaliana. Hazikubaliani. Tena hakuna hata moja inayofuata kila mahali mwendo ambao yeye mwenyewe aliuandika kwa metronomu, kile chombo kinachogonga mapigo. Wala noti zenyewe hazikukaa kimya, maana mwaka 1943 aliiandika upya dansi ya mwisho. Yule aliyetaka watu watekeleze tu yaliyoandikwa, alikuwa mwenyewe akiyabadilisha.

Hapo ndipo tulipotengeneza upya somo letu. Mwaka uliofuata tuliwasikilizisha wanachuo mwisho wa Kafara katika rekodi ya 1929 na ya 1960, bila jina wala mwaka, tukiwataka kila mmoja aandike mambo matatu tu: mwendo, mkazo, na kama wapigaji wako pamoja. Kelele za sahani kuukuu ziliwapa dokezo la umri, na jambo hilo hatukuweza kuliepuka. Lakini safari hii walisikia. Mmoja aliandika kwamba katika ile ya kwanza okestra husikika kama watu wanaovuka mto wasiojua kina chake, na kwamba hofu hiyo inamfaa msichana anayekwenda kufa kuliko usahihi wa ile ya pili. Mwingine akasema kukosea ni kukosea tu, hata kama kunapendeza. Walibishana kipindi kizima. Tulipowafunulia kwamba rekodi zote mbili ni za mtunzi, mwanachuo mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kumwambia mtoto wa darasa la tano kwamba mwenye kazi naye aweza kuikosea kazi yake. Tulimjibu kwamba inaruhusiwa, kwa sharti kwamba mtoto aonyeshe mahali.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kazi ambayo twaiona kuwa bora kupita zote kwa darasa la ualimu, kwa kuwa ni ya kwaya na ya baleti kwa pamoja. Inaitwa Les Noces, yaani Arusi. Stravinsky aliianza mwaka 1914, akichukua maneno kutoka katika mkusanyo wa nyimbo za wakulima wa Urusi uliokusanywa na Pyotr Kireyevsky. Bibi arusi anasukwa nywele, bwana arusi anabarikiwa, wazazi wanaomboleza kuachwa na watoto wao, kisha karamu. Hakuna mwimbaji aliyepewa nafasi ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno ya bibi arusi huweza kutoka katika kinywa kimoja sasa na kingine baadaye, kama ilivyo katika ngoma ya kijijini. Muziki wa sauti ulikamilika mwaka 1917, lakini vyombo vilimsumbua miaka mingi. Alijaribu okestra kubwa akaiacha. Akajaribu kinanda cha kujipiga pamoja na vyombo vingine, akaiacha nayo, kwa kuwa ilikuwa vigumu mno kuwaweka wapigaji sawa na mashine. Mwishowe alibakiza piano nne na vyombo vya kugonga. Ilichezwa Paris tarehe 13 Juni 1923, Ernest Ansermet akiongoza, dansi ikiwa ya Bronislava Nijinska, dada yake Nijinsky.

Rekodi za Arusi zinatofautiana kiasi kwamba hata mtoto mdogo atazitofautisha. Stravinsky aliirekodi mjini London mwaka 1934, kwa Kiingereza. Aliirekodi tena mwaka 1959, bado kwa Kiingereza, na safari hii piano nne zilipigwa na watunzi wanne mashuhuri wa Marekani: Samuel Barber, Aaron Copland, Lukas Foss na Roger Sessions. Mwaka 1977 Leonard Bernstein aliirekodi kwa Kirusi, na Martha Argerich akiwa mmoja wa wapiga piano. Hapo lugha hubadilisha kila kitu. Mkazo wa maneno ya Kirusi ndio uliozaa mapigo ya muziki; yakiwekwa maneno ya lugha nyingine, mapigo hubaki lakini sababu yake hupotea. Yeyote aliyepata kuimba wimbo wa dini uliotafsiriwa, ambamo silabi isiyo na mkazo huvutwa juu ya noti ndefu, anaijua shida hiyo.

Halafu mwaka 1994 ikatolewa rekodi ya kundi la Dmitri Pokrovsky kutoka Moscow, watu waliokuwa wamejifunza kuimba kwa wanakijiji wenyewe. Sauti zao ni kali, za wazi, za kutoka kooni, mbali sana na kwaya za ukumbini. Sehemu za piano na vyombo vya kugonga ziliachiwa kompyuta. Basi ndoto ya mashine, iliyomshinda Stravinsky, ikatimia zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Sisi twaipenda rekodi hii, ingawa twakiri kwamba piano za kompyuta zinatuchosha upesi. Baada ya dakika kumi sikio hutamani kusikia mkono wa mtu.

Kazi ya tatu tutakayoieleza ni ya kwaya bila dansi. Mwaka 1926 Stravinsky alirudi katika Kanisa la Kiorthodoksi alilokuwa ameliacha tangu ujana. Miaka michache baadaye Serge Koussevitzky alimwagiza kazi kwa ajili ya kutimiza miaka 50 ya okestra ya Boston, naye akatunga Simfonia ya Zaburi, kwa maneno ya Kilatini. Ilisikika kwanza Brussels tarehe 13 Desemba 1930, Ansermet akiongoza, na siku sita baadaye Boston. Aliondoa fidla na vyombo vya klarineti katika okestra, akaacha sauti za mbao, shaba, piano mbili, kinubi, ngoma na nyuzi nzito za chini. Sehemu ya mwisho ni Zaburi ya 150, ile inayotaja baragumu na matoazi. Mwanakwaya wa kwetu angetazamia kelele za furaha. Lakini neno Aleluya linaingia kwa upole kabisa, na mwisho wake ni mwendo wa polepole ambao besi zake hurudia duara moja lisilochoka. Viongozi wengi hushindwa kuvumilia hapo. Wengine huharakisha, wengine huvuta hata utulivu ukageuka usingizi.

Mtunzi alirekodi Zaburi mjini Paris mwaka 1931, na tena mwaka 1963 na wanamuziki wa Toronto. Baadaye Bernstein aliirekodi London mwaka 1972, na Herbert von Karajan Berlin mwaka 1975. Jambo moja tungeomba mwalimu wa shule ya msingi alitazame kwa makini. Stravinsky alipendelea sauti za juu ziimbwe na watoto, na wanawake wawekwe pale tu watoto wasipopatikana. Rekodi nyingi zimetumia wanawake. Simon Preston, akiwa na kwaya ya kanisa kuu la Christ Church la Oxford katika miaka ya 1970, alitumia wavulana, na msikilizaji atasikia sauti nyembamba isiyotetemeka, ambayo haifichi kosa lolote. Wanafunzi wa shule ya msingi wanapoambiwa kwamba wanaoimba ni watoto kama wao, huketi wima.

Maisha yake ya Ulaya yaliishia katika misiba. Binti yake Lyudmila alifariki Novemba 1938, mke wake Machi 1939, mama yake Juni mwaka huohuo. Septemba 1939 akaenda Marekani, ambako alimwoa Vera de Bosset mwaka 1940 na kupata uraia mwaka 1945. Mwaka 1940 pia filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilitumia Kafara, ikiwa imekatwakatwa na kupangwa upya, kwa picha za mijusi wakubwa wa kale. Tangu mwaka 1948 alisaidiwa na kijana aitwaye Robert Craft, aliyemwandalia mazoezi ya okestra, na mwaka 1962 akaiona tena nchi aliyozaliwa baada ya karibu nusu karne.

Katika uzee wake alifanya lile tunalowataka wanachuo walifanye. Mwaka 1964 aliandika makala akilinganisha rekodi tatu za Kafara: ya Karajan, ya Pierre Boulez, na ya Craft iliyofanyika Moscow. Hakuzitaja kwa jumla tu kuwa nzuri au mbaya. Alizipitia mahali kwa mahali, akionyesha ni wapi mwendo umekwenda kasi, wapi chombo kimefunikwa. Ile ya Karajan aliiona imelainishwa mno kwa kazi yenye habari ya kafara. Kama mfano wa kuandika ulinganisho makala hiyo inafaa sana, ijapokuwa ukali wake si wa kuigwa mbele ya watoto. Nasi hatukubaliani naye kabisa kuhusu Karajan. Basuni ya mwanzo katika rekodi ile ina uzuri ambao hatujausikia kwingine, na wanachuo wetu, bila kuambiwa majina, wameichagua mara nyingi.

Kwa yule atakayejaribu somo hili mwenyewe, twashauri vipande visizidi dakika mbili, na kila kimoja kisikilizwe mara mbili kabla ya mtu yeyote kusema neno. Pasipo na chombo chenye sauti ya kutosha, kwaya mbili za shule zikiimba wimbo mmoja, moja baada ya nyingine nyuma ya pazia, zitafaa vilevile.

Stravinsky aliongoza okestra kwa mara ya mwisho mjini Toronto, Mei 1967. Alifariki New York tarehe 6 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 88, akazikwa Venice katika kisiwa cha San Michele, hatua chache kutoka kaburi la Diaghilev, aliyefariki katika mji huohuo mwaka 1929.